Shimo la Ndizi la Bibi Eugenia

Kila siku wakitoka shule, watoto wa kijiji cha Kimuli walipitia kwa Bibi Eugenia. Walimpelekea dumu la maji, naye akawamiminia juisi ya ndizi kwenye vikombe vya bati. Juisi ndiyo kazi yake. Anachimba shimo migombani, anapanga ndizi mbichi, anafunika kwa majani na udongo, halafu anapuliza moshi ndani kupitia tundu. Siku ya nne anafukua, ndizi zimeiva. Miaka arobaini ya moshi imeyafanya macho yake mekundu.

Kokwijuka alikuwa darasa la sita na alipenda kutunga hadithi za kutisha. Wakati wa mapumziko alifungua daftari lake akasoma, wenzake wakajibana kama vifaranga. Kisima kinachoita watu kwa majina. Mtoto aliyepoteza kivuli chake. Wakimaliza kuogopa walicheka, wakarudi darasani.

Siku moja Winston, mbishi wa darasa, akapiga miayo katikati ya hadithi.

"Hiyo hata mdogo wangu akisomewa analala vizuri tu," akasema.

Ilimuuma Kokwijuka. Alipofika nyumbani aliandika nyingine, ya bibi mwenye macho mekundu anayeivisha watoto shimoni. Anawapanga, anawafunika kwa majani, anapuliza moshi. Siku ya nne anawafukua wakiwa laini, hawana mifupa, bado wanaita mama. Jina hakuandika. Hakukuwa na haja.

Alipoisoma hakuna aliyecheka. Winston alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndiyo maana anatupa juisi bure."

Kuanzia siku hiyo watoto walikwepa. Walizungukia kwenye mashamba ya kahawa ili wasipite kwa bibi. Siku mbili za kwanza Kokwijuka alifurahi, kusema kweli. Hadithi yake ilikuwa imewatisha hasa. Siku ya tatu alimkuta Bibi Eugenia anapanda kilima na dumu kichwani, anasimama kila hatua chache.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wenzako wanaumwa?"

Kokwijuka akasema wana mitihani. Ulikuwa uongo, na bibi aliukubali. Alisema basi atawawekea juisi yao.

Nyumbani alimkuta mama yake, Jovitha, anageuza kahawa kwenye mkeka. Jirani yao Athanasi alikuwa amesimama pale. Alikuwa amesikia maneno ya watoto, anauliza kuna nini kwenye lile shimo la Bibi Eugenia, maana vijana wanapanga kwenda kulifukua na kumhoji yule kizee. Mama aliendelea kugeuza kahawa. Kokwijuka alikuwa ameshasikia hadithi za kweli za vizee wenye macho mekundu walioitwa wachawi, na yaliyowapata. Hizo hakuzitunga yeye.

Athanasi alipoondoka, Kokwijuka alilitoa daftari kwenye begi.

"Mama, ni mimi. Nilitunga."

Mama alisoma mpaka mwisho, mikono ina vumbi la kahawa. Hakumpiga. Alimwambia kesho Jumamosi jumuiya ya kanisa inasali kwa Bibi Eugenia, na daftari aje nalo.

Watu walikuja, Athanasi na Winston wakiwemo. Walisali. Vikombe vya juisi vikapangwa kwenye mkeka, hakuna aliyegusa. Kokwijuka alisimama, akasoma hadithi yote mbele ya bibi mwenyewe. Kisha akasema macho aliyatoa wapi, shimo alilitoa wapi, na kwamba alitaka tu Winston aogope.

"Hakuna mtoto aliyewahi kuingia humo. Nilidanganya, na hata ile mitihani nilidanganya. Nisamehe, bibi."

Akachukua kikombe, akanywa chote.

Bibi Eugenia alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Hiyo ya watoto kukosa mifupa," akauliza, "umeitoa wapi?"

"Kichwani, bibi."

"Una kichwa kibaya wewe."

Athanasi ndiye aliyecheka kwanza, kwa aibu. Halafu akainama akachukua kikombe chake, na wengine wakafuata.

Jumatatu Winston ndiye aliyebeba dumu. Kabla ya kunywa alipiga magoti, akachungulia shimoni.

"Umeona mguu?" bibi akamuuliza.

"Ndizi tu, bibi."

Kokwijuka alisimama nyuma ya wote. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba hatatunga tena hadithi za kutisha. Bibi Eugenia alimwita, akamketisha karibu naye, akamshikisha kikombe kwa mikono yote miwili.

"Tunga," akamwambia. "Hata mimi ile hadithi ilinisisimua. Watoto wanapenda kuogopa wakijua watarudi nyumbani. Lakini zimwi lako litafutie uso wake lenyewe. Usichukue wa mtu aliye hai. Huu wangu bado ninautumia."