Mshindi wa Nyumba ya Kihesa

Kwenye shuka la sinema, Philbert alikaa mkekani akatumbukiza mkono kwenye ugali bila kunawa. Uwanja mzima wa Iyunga ukacheka. Mkewe, Apolonia, hakucheka. Mwanaume huyu, msomi wa Kidato cha Sita aliyekosa hata kibarua cha kufagia ofisi, hakuwahi kugusa muhindi wa kuchoma kabla ya kuomba maji.

Ndiyo mambo ya mwaka sabini na sita hayo. Kampuni ya sinema imekodi nyumba kule Kihesa, Iringa, ikafungia watu humo wapigwe picha wakila, wakigombana, wakilala. Kila Jumamosi gari linaleta mkanda hapa Mbeya, watazamaji wananyoosha mikono kuamua nani atoke. Atakayebaki mwisho anapewa kazi. Kazi, jamani. Watu wenye vyeti wamekubali kutazamwa kama kuku wa maonyesho ili wapate meza na kiti.

"Mama, hapepesi macho," Apolonia alimnong'oneza mkwewe, Leokadia.

"Na nzi katua juu ya jicho," mama mkwe akajibu.

Apolonia akaenda garini. Marcelino, msimamizi wa mchezo, alikuwa anapangusa lenzi. Alinuka udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

"Kamwene, dada. Umeona mumeo anavyopendwa? People love him."

"Mume wangu amekufa, kaka."

"Wote wamekufa, mbona." Hakuinua hata kichwa. "Na mchezo ndiyo umechangamka. Walipokuwa hai walidai chumvi, walidai kuandikiwa barua. Sasa hawadai kitu. Very professional."

"Nipeni nikamzike."

"Waombe wenye mikono. Mimi mtumishi tu."

Apolonia akaenda kusimama mbele ya shuka, mwanga ukimpiga usoni, mume wake akitafuna juu ya paji lake la uso, na akawaomba majirani waliomuuzia maharage na waliocheza kwenye harusi yake wamwachie mtu wake, na wao wakapiga miluzi wakidhani ni sehemu ya mchezo, mpaka kikongwe mmoja akanyoosha mkono, akafuata mwingine, na mwingine, hata uwanja ukawa msitu wa mikono.

"Haya, katoka," Marcelino alisema. "Asubuhi mtamkuta mlangoni kwenu, mkamzike. Ila nyumba haikai na pengo, dada."

Ndipo mkanda ule, ambao tangu uanze haukuwa na sauti, ukasema. Philbert aliacha kutafuna, akageuka taratibu, akamtazama mkewe.

"Mama Danieli."

Leokadia alikurupuka akaikamata khanga ya mkwewe kwa mikono miwili. "Usiitike, mwanangu. Siyo yeye huyo. Ukiitika umekubali kwenda."

Lakini Apolonia, tangu aolewe, hakuwahi kumwacha Philbert amwite mara mbili, na ulimi wake haukusubiri akili.

"Abee," aliitika.

Khanga ikabaki mikononi mwa Leokadia, bado ina joto la mwili. Kwenye shuka, wale waliokuwa mkekani walisogea kidogo kumpisha mtu akae.

Uwanja ukapiga makofi.