Wapagazi Mia Mbili na Kumi

Saa nne asubuhi Flavia alisikia harufu ya tumbaku inayokaushwa. Ofisi yao ilikuwa nyumba ya kupanga kwenye barabara ya Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, na humo hakuna aliyevuta hata sigara. Kisha kompyuta yake ikakohoa. Spika zilikuwa zimezimwa, nayo ikakohoa tena, kikohozi kirefu cha mtu aliyekula moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku miaka arobaini.

Alikijua kikohozi hicho. Kilikuwa cha baba yake, mzee Damas wa Urambo, aliyezikwa miaka minne iliyopita.

Kazi ya Flavia ilikuwa kuwachora watu wa gemu la kampuni moja kubwa ya ng'ambo, gemu la msafara wa kale uliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani. Toleo la kwanza alilitolea jasho. Baba yake, mgonjwa tayari, alimkalia kitini mwezi mzima akichorwa kuwa mpagazi mmoja, kunyanzi kwa kunyanzi. Watu waliisifu sura ile mpaka basi. Toleo la pili, kampuni ikaagiza wapagazi wote mia mbili na kumi wapewe sura hiyo hiyo. La tatu vivyo hivyo. Sasa walikuwa kwenye la nne, gemu lile lile lililobadilishwa namba, na kila jipya likitoka la zamani huzimwa ili watu wasipate pa kukimbilia.

"Tubadilishe sura, kaka Majidi," alimwambia mkuu wa ofisi. "Nipe wiki sita."

"Nani anaangalia uso wa mpagazi, dada Flavia? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Humu ndani mna mzimu. Hata wewe umeusikia ukikohoa."

Majidi akashusha sauti. "Nimeusikia. Usiwaambie wengine." Akafunga mlango wake.

Hasira ilimkaba Flavia. Mtu anasikia maiti ikikohoa, na bado anaona taabu kuchora pua nyingine!

Jumapili baada ya misa alimleta ofisini shangazi yake, Mektilda, dada wa marehemu. Shangazi akakoroga unga wa mtama na maji, akanyunyiza mlangoni, akaita taratibu, "Damas, mwana wa mama yangu. Njoo tukusindikize."

Kwenye kompyuta, ambayo Flavia aliapa hakuiwasha, msafara uliokuwa ukienda zake umewapa mgongo ukasimama, harufu ya tumbaku ikajaa chumbani mpaka machozi yakawatoka, na wapagazi wale mmoja baada ya mwingine wakaanza kugeuza shingo chini ya mizigo yao, polepole, kwa tabu, mpaka nyuso mia mbili na kumi za mzee Damas zikawa zinawatazama wao wawili, na zote kwa pamoja zikakohoa.

"Yesu wangu," Flavia alinong'ona.

"Sisi mfu wetu tunamwita kwa jina lake, siku yake, halafu tunamwacha alale," shangazi alisema. "Nyie mmemwita kila siku, bila jina, na kumtwisha mizigo ya watu wote. Mtafutie kila mzigo mtu wake, mwanangu. La sivyo hatapumzika."

Flavia akaanza kwa siri, saa za chakula na Jumapili. Akamchora muuza karanga wa stesheni, fundi baiskeli, katekista mwenye jicho moja. Kila sura mpya ilipoingia, kikohozi kilipungua sauti moja. Alichoka, lakini hakuwa ameipenda kazi yake hivyo tangu baba alipomkalia kitini.

Asubuhi ya kukabidhi ilimkuta amebakiza mpagazi mmoja. Majidi alikuwa amesimama mlangoni akipiga kelele, "Bora liende, dada! Tuma!" Akachukua picha ya kitambulisho chake mwenyewe, akaibandika kwenye uso wa yule wa mwisho. Mmoja tu, akajisemea, nani atamwona?

Siku toleo la nne lilipotoka na la tatu kuzimwa, harufu ilikatika. Flavia alifungua madirisha yote akalia kwa furaha. "Lala salama, baba."

Wiki iliyofuata Majidi alimwita akiwa na meno yote nje. "Wametusifu! Ila sura zako ni nyingi mno, wanasema ni kupoteza muda. Wameipenda moja, ile ya mwisho. Toleo la tano, wapagazi wote wawe yule."

"Hapana, kaka Majidi. Nakuomba. Yule ni mimi."

"Si ndiyo vizuri? Njoo uone, nimeshaanza."

Akabonyeza. Flavia alihisi kitu kizito kikimkalia begani. Majidi akabonyeza tena, na juu ya kile cha kwanza kikatua kingine, kisha kingine, huku koo likianza kumwasha kwa moshi ambao hakuuona.

"Mbona umeinama hivyo, dada?" Majidi aliuliza bila kuinua macho, na kidole chake hakikusimama.