Chumba Kidogo

Harufu ya kahawa iliyoungua ilianza siku ambayo jiko la Eseza lilikuwa limezimika. Alikuwa kwenye kibanda chake cha chai, mtaa wa Hai Jalaba, akiwa na mimba ya miezi sita. Akawauliza wateja. Hakuna aliyesikia harufu yoyote. Kisha kitu kikagonga nyuma ya sikio lake la kushoto, ndani ya fuvu. Mara tatu.

Wiki iliyofuata kikaanza kuongea.

"Hapa pananibana," kilinong'ona. "Kwenye chumba kidogo yumo nani?"

Picha ya kichwa aliyopigwa hospitalini ilionyesha uvimbe mkubwa kama yai la njiwa. Awut, jirani yake aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alisikiliza habari zote mbili, ya daktari na ya sauti, kisha akafunga mlango.

"Waache wakate," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini jini akitolewa nyumba moja hutafuta nyingine. Mtoto umeshampa jina?"

"Moyoni tu. Hata Matiya hajui, na ndiye baba yake."

"Likae huko huko, dada. Hawezi kumwingia mtu asiyemjua jina. Nakuogopa wewe. Ukiulizwa bei ya chai unataja mpaka ukoo wako."

Siku ya upasuaji, Daktari Constantine hakutaka kumlaza usingizi, kwa ajili ya mtoto. Alimpiga ganzi kichwani, akamfunika kwa kitambaa cha kijani, akamwambia aendelee kuongea ili wajue hawajagusa mahali pa maneno. Eseza akataja siku za wiki, akataja mitaa kuanzia Atlabara, huku vyuma vikilia na ile harufu ya kahawa ikipanda, ikimjaa puani na kooni, mpaka asijue kama ni mfupa wake unaoungua au ni yule wa ndani anayefungasha vitu vyake, na maswali yakawa yanakuja kwa upole, moja baada ya jingine, karibu kabisa na sikio la kushoto.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Mumeo anaitwa nani?"

"Matiya."

"Na mtoto?"

"Rita."

Vyuma vikatulia.

"Rita ni nani, mama?" aliuliza Daktari Constantine, kutoka upande wa kulia.

"Mtoto. Si umeniuliza sasa hivi?"

"Hakuna aliyekuuliza kitu. Tulikuwa kimya, tunatoa kipande cha mwisho."

Harufu ilikuwa imekatika. Kichwa kilikuwa chepesi, kitupu, kama nyumba iliyohamwa. Eseza akaweka kiganja tumboni, akaomba asisikie chochote.

Kutoka ndani, taratibu, pakagongwa mara tatu.