Kitatange Wawili

Mlezibahari alikuwa akimtoa samaki chawa. Mkono wake mmoja wa raba ulimkinga chini ya tumbo, taratibu, kama anavyopakatwa mtoto mchanga. Mkono wa pili, mwembamba kuliko sindano ya kushonea, ulipita juu ya magamba ukichomoa chawa wa maji mmojammoja na kuwatia kwenye kichupa. Samaki mwenyewe hakutapatapa. Alikuwa mpana kama sinia, buluu mwenye mistari ya manjano, na utepe mweusi umempita machoni. Alipoachiwa alitoa mlio mmoja mzito wa kifuani, du, uliosikika hadi nje ya kioo, kisha akaogelea zake nyuma ya jiwe.

Bikombo Faki hakushangaa. Yeye ni fundi wa Shirika, na mashine hiyo ameitazama katika nyumba mia tatu za minara ya Wete. Aliweka chini pipa la kuhamishia samaki, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Miguu ilikuwa ikimwaka moto.

"Umekuja kumchukua," alisema Bi Mize Makame, mwenye nyumba.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Umekuja kumchukua."

"Maji ya pipa lazima yafikie joto la tangi kwanza. Saa moja hivi."

"Basi kaa. Chai sikupi."

Miamba ya matumbawe ilipokufa kwa joto, Shirika liliwagawa majumbani samaki wachache waliosalia, wakae humo hadi miamba mipya itakapopandwa. Kila nyumba ilipewa tangi la lita elfu mbili na mlezibahari mmoja. Mashine huonja maji kila dakika, hukoroga chumvi, huwasha jua la taa na kulizima, hulisha, hutibu, na huwatenganisha wagomvi. Binadamu hupewa cheti cha ulezi. Samaki watatu wakimfia ndani ya mwaka mmoja, hunyang'anywa cheti na samaki wote.

Kwa Bi Mize walikufa watatu, wote wa aina moja aliyoletewa mwaka huu, wadogo wa manjano wenye mdomo mrefu kama kibano. Wa nne alikuwa bado hai, lakini tumbo lilikuwa limembonyea. Huyo mkubwa aliyetolewa chawa ameishi naye miaka kumi na mmoja na alikula mkononi mwake. Leo angeondoka.

Taarifa za mlezibahari zilisema vilevile kila mara: maji safi, joto sawa, chakula kipo, samaki hakula. Bikombo alikwisha kuisoma sentensi hiyo katika nyumba kumi na nane, na katika nyumba kumi na nane alikwisha kuwaambia watu kwamba ulezi haukuwa mzuri. Siku hizi alilisema hilo akiwa ameangalia ukutani.

"Huko kwenye lifti wananiita muuaji, unajua?" Bi Mize alisema. "Yule jirani wa ghorofa ya tisa ananiuliza, leo umekaanga wangapi?"

"Watu wana maneno."

"Na nyinyi mna karatasi. Afadhali wao, hucheka kidogo."

Bikombo aliinama. Aligusa maji ya pipa. Bado.

Ndani ya tangi, yule mdogo alijikongoja kutoka kwenye ufa wa jiwe na kuanza kudonoa mwani, punje kwa punje. Wa jamii yake hushinda wakidonoa hivyo tangu taa ziwake hadi zizimwe. Tumbo lao dogo halina akiba. Mkubwa alipita kando yake, akamwangalia, akaendelea na safari yake. Hakumgusa.

"Kitatange wawili karibu," mlezibahari alitangaza kwa sauti ya upole. "Natenga."

Mkono wa raba ulishuka, ukamzoa yule mdogo na kumwingiza katika kijumba cheusi pembeni mwa tangi. Kifuniko kikajifunga.

Bikombo alisimama. "Kimefanya nini hiki?"

"Kinachofanya kila siku. Muda wa saa sita humo gizani. Akitoka, akidonoa mara mbili, kinamrudisha."

"Mbona hukusema?"

Bi Mize alimgeukia taratibu. "Bibie we! Sikusema? Nimeandika mara tano. Kitatange wangu anafungiwa, hapati kula. Mkanijibu: kitatange asikae na kitatange mwenzake, mlezibahari anafanya sawa, ahsante kwa kutuandikia."

Bikombo alirudi kukitazama kile kijumba. Majibu hayo aliyaandika yeye.

Na neno pia lilikuwa lake. Miaka sita nyuma, Shirika lilipomfundisha mlezibahari Kiswahili, yeye ndiye aliyeketi kutunga kamusi yake. Mwenzake mmoja alileta majina ya kutafsiri kutoka Kiingereza: huyu mkubwa aitwe samaki-malaika, hawa wadogo waitwe samaki-kipepeo. Bikombo alimcheka mbele ya watu. Malaika ana mapezi? Kipepeo analowa? Wavuvi wa Pemba wana jina lao, alisema, na jina lao ni kitatange, mkubwa kwa mdogo. Alipigiwa makofi. Kisha akaandika kanuni iliyokuwa kweli kwa wakubwa peke yao, ambao wakikutana wawili katika tangi moja huuana: kitatange mmoja kwa tangi, akionekana wa pili karibu naye, mdogo atengwe.

Mashine ikatii. Na kila ilipoandika "kitatange ametengwa kwa saa sita," Bikombo alimwona akilini wa ile aina kubwa, mnene, asiyedhurika kwa kukosa mlo mmoja.

"Ni mimi," alisema. "Bi Mize, hukuwaua. Mimi niliwapa jina moja."

Akamweleza yote, hata zile nyumba kumi na nane, hakujipunguzia. Bi Mize alisikiliza huku amekunja mikono.

"Baba yangu alivua," akasema mwishowe. "Kitatange wakiingia wavuni alikuwa akiwatupa. Miiba mitupu, nyama hamna. Sasa kitu unachokitupa utakipa majina mangapi? Moja linatosha. Mimi situpi, mimi nafuga. Ungekuja kuniuliza mimi."

"Wewe unawaitaje?"

"Huyu kitatange ngoma, si unamsikia anavyogonga? Na wale kitatange mdomo. Na mimi mwenyewe kitatange, mume wangu alikuwa akiniita hivyo nikianza ugomvi. Kiandikie na hilo, kisije kikanitia gizani."

Bikombo alicheka, na kicheko kikamtoka vibaya, karibu na kilio. Alifungua kibao chake, akayaingiza majina mawili, akaifuta kanuni na kuiandika upya kwa nyumba zote. Kifuniko cha kijumba kikainuka. Yule mdogo akatoka, akasita, kisha akaanza kudonoa. Kitatange ngoma akampita. Mlezibahari hakusema kitu.

"Samaki wako anabaki," Bikombo alisema, na kulimwaga pipa bafuni. "Cheti nitakirudisha leo. Nitaandika kwa nini."

"Watakufukuza."

"Huenda."

"Na wale kumi na nane?"

Bikombo alikaa tena. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kuinua kibao kulikuwa kazi. Angeweza kuwatumia wote ujumbe mmoja wa Shirika, wenye samahani ya jumla. Alitafuta jina la kwanza katika orodha, Bwana Shaame Hija, akapiga.

Alipokea mwanamke.

"Mimi ni Bikombo Faki, fundi wa matangi. Naomba kuongea na Bwana Shaame."

"Baba alifariki mwezi wa tatu."

Bikombo alifumba macho. "Mungu amrehemu. Mimi ndiye niliyekuja kuwachukua samaki wake. Nilimwambia hakuwalea vizuri. Haikuwa kweli. Kosa lilikuwa langu."

Bi Mize alikuwa ameanza kupanguza kioo cha tangi. Akaacha.

"Alikuwa akituuliza kila siku," yule mwanamke alisema. "Nilikosea wapi? Hata hospitali, alikuwa anauliza hilo. Usikate. Ngoja niwaite wenzangu, na mama pia. Utasema tena, wakusikie wote."

"Nangoja," alisema Bikombo.

Alisikia milango ikifunguliwa, na watu wakiitana majina. Walipokusanyika, akasema tena.