Mfereji Uliozibwa kwa Ajili ya Perege

"Ukigusa mfuko mmoja hapo, Mama Beatus, leo utalala kwa kaka yako."

"Nitalala. Kwa kaka yangu ni mlimani."

Hayo yalisemwa asubuhi, juu ya tuta la bwawa, mvua ikinyesha. Aliyetisha ni Hermenegildi, mwenye bwawa. Aliyejibu ni mkewe, Konsolata, panga mkononi. Mimi nilikuwa kwenye mpunga wangu unaopakana na bwawa, na kwa sauti zile sikuhitaji kutega sikio. Nawasimulia ninyi wenye mabwawa ya udongo, na ninyi mnaoishi chini ya mabwawa ya wenzenu, maana huku kwetu juu ya mto Mngeta kila penye kijito mtu amekinga maji yake.

Bwawa lile lilikuwa zuri, tuseme ukweli. Hermenegildi alikinga kijito kinachoshuka kutoka milimani, akashindilia udongo, akapata maji ya kumwagilia kiangazi na perege wa kuuza. Pembeni mwa tuta aliacha mfereji wa kumwagia maji yanayozidi. Bwawa likijaa, maji yalipita pale yakaenda zake kinamasini, na watu wa nyumba yake wakalala kwa amani.

Tamaa iliingia na Kwaresima. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani vimeangukia pamoja. Wakatoliki wanataka samaki, Waislamu wanataka samaki wa futari, na Makame, mchuuzi kutoka Ifakara, alikuwa hakauki pale na pikipiki yake na deli la barafu. Hermenegildi akakataa kuuza. Alitaka bei ya Ijumaa Kuu. Lakini maji yalipopanda, perege wakaanza kutoroka kwa mfereji. Akatega migono, ile mitego ya kusuka tunayovulia mtoni, mdomoni mwa mfereji. Majani yakaiziba. Maji yakapita juu yake, na samaki nao wakapita. Ndipo alipopanga mifuko ya mchanga juu ya migono mpaka ikalingana na tuta. Wanaume waliopita walimsifu kwa akili. Msicheke, baadhi yenu mlikuwemo. Mgono ni wa mtoni. Ukiutega kwenye koo la bwawa, umelinyonga bwawa.

Basi asubuhi ile, Konsolata alimsogezea mumewe bakuli la maji.

"Haya nimeyakinga chini ya tuta, usawa wa ile migomba ya juu. Juzi yalikuwa yanavuja meupe. Leo ni tope tupu. Hilo tope linatoka wapi?"

"Mvua hiyo."

"Mvua inanyesha kila mahali. Tope linatoka kwenye tundu moja. Ni tuta lako hilo, linaliwa kwa ndani."

"Tuta hili nimelishindilia kwa miguu yangu."

"Na afisa wa maji alikwambia kiangazi: migomba juu ya tuta ing'olewe, mizizi yake ikioza inaacha njia za maji. Mfereji usizibwe. Ukaitikia ndiyo, ndiyo, ukampa mkungu wa ndizi wa migomba ile ile."

Makame alikuwa amesimama kando na pikipiki yake. Hermenegildi akamgeukia. "Mwambie wewe. Bado kidogo tu Ijumaa Kuu."

"Mzee wangu, mimi nimefunga, nguvu ya kugombana sina," Makame alisema. "Perege nawataka. Lakini wakija mjini pamoja na tuta lao, sitawanunua."

"Wote leo mmekuwa mainjinia."

"Baba Beatus," Konsolata alisema, "Yesu hakufa msalabani ili perege wako wanenepe."

Akaweka bakuli chini, akateremka.

Chini ya tuta kuna nyumba moja. Ni ya Beatus, mtoto wao, kwenye kiwanja alichopewa na baba yake huyo huyo, pale kijito kilipokuwa kikipita zamani. Beatus alikuwa Mlimba kufuata mpunga. Nyumbani alibaki mkewe, Rosemery, mzazi ambaye bado alikuwa anakandwa kwa maji ya moto. Konsolata alimwambia afunge nguo za mtoto. Wakapanda wote wawili, mtoto kifuani, kitenge juu yake, mwavuli juu ya kitenge.

"Shikamoo baba," Rosemery alisema.

"Marahaba. Unamtoa mtoto kwenye mvua kwa maneno ya mama yako?"

"Mama anasema tuta halifai. Wewe unasema linafaa. Mimi siwezi kuwapinga wazazi." Alimfunika mtoto vizuri kwa kitenge. "Basi, baba, kama linafaa, leo nenda ukalale kwetu. Mimi na mjukuu wako tutalala kwako. Kitanda nimeshakitandika."

Hakusema kwa kejeli. Makame alitazama chini. Hermenegildi aliangalia bati la nyumba ya mwanawe pale bondeni, kisha milimani, ambako wingu lilikuwa limeziba kabisa.

"Hapana," alisema. "Silali kule."

"Umesema mwenyewe," Konsolata alijibu.

Hakuna aliyengoja zaidi. Rosemery alipanda na mtoto hadi nyumbani kwa mkwewe, juu ya bwawa. Makame aliwasha pikipiki akashuka kuwaondoa waliokuwa wakipalilia mpunga bondeni. Mimi nilitoka mpungani, na pamoja na Konsolata tukatoa mifuko ya juu, mmoja mmoja, ili maji yasitoke kwa kishindo yakauchimba mfereji. Hermenegildi alikuja bila kuitwa, akaingia mpaka kiunoni, akang'oa migono yake moja baada ya nyingine akaitupa ukingoni. Maji yakashika mfereji, na perege wote wa Ijumaa Kuu wakaenda nayo kinamasini. Alisimama akiwatazama mpaka kina cha maji bwawani kikaanza kushuka.

FUNZO

Bwawa ni mali yako, lakini tuta likikatika, maji ni ya walio chini. Mfereji wa kumwagia maji hauzibwi, si kwa samaki wala kwa sikukuu. Usipande miti juu ya tuta. Ukiona maji yanayovuja yamegeuka tope, ondoa watu kwanza, punguza maji polepole, na umwite afisa wa maji siku hiyo hiyo, siyo baada ya mavuno. Na ninyi wake, msiogope kutishwa kufukuzwa. Nyumba iliyosombwa haina wa kumfukuza mtu.

Mvua bado inanyesha. Acha kusoma, chukua jembe, nenda ukautazame mfereji wako.