Alivuka Baada ya Kipenga

"Nakuona."

Ujumbe uliingia simu ikiwa kiganjani. Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, akainua macho kama mtu aliyefumaniwa. Hatua ishirini tu, upande wa pili wa uwanja wa shule, mchumba wake alikuwa amesimama kichwani mwa mstari, anamkodolea.

"Nitakueleza," akaandika.

"Eleza sasa. Kipenga bado."

Uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa huo haukuwa na karatasi wala sanduku. Anayekutaka anapanga mstari nyuma yako, mchana kweupe, mkwe wako anaona, adui yako anaona. Kipenga kikilia hakuna kuhama, na anayetoka mstarini hahesabiwi. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni Mwenyekiti wa miaka kumi na mitano, mwenye gereji aliyokuwa anafanyia kazi Cheche. Wa pili fundi cherehani, mtaa mzima ukimwita Sindano kwa ulimi wake. Harusi yake na Cheche ilikuwa Jumamosi.

Na Cheche amepanga nyuma ya Mwenyekiti.

"Bosi kanipigia asubuhi," akaandika. "Nisipopanga kwake nisirudi gereji. Tutaishije, mpenzi?"

"Jana ulisema utakuwa wa kwanza nyuma yangu."

"Mtu mmoja hapunguzi kitu."

Jibu lilichelewa. Lilipofika, Cheche alilisoma mara mbili.

"Basi na mume mmoja hapunguzi kitu. Jumamosi usije."

"Weka simu, mwanangu," Mwenyekiti akasema bila kugeuka. "Wanawake huwa wanapoa. Huyu wako leo atapozwa."

"Atapozwa vipi, bosi?"

"Wewe tazama mbele."

Kipenga kikalia.

Nyuma ya madarasa wakachomoka mabaunsa sita na minyororo ya pikipiki na vipande vya mipira ya maji, wakaufuata mstari wa Sindano moja kwa moja. Hapo ndipo Cheche alipoelewa. Watu wakikimbia, hakuna wa kuhesabiwa.

"Tawanyikeni! Mstari huu umefutwa!" akafoka kiongozi wao, pande la mtu waliyemwita Tindo.

"Umefutwa na nani?" Shangazi yake Sindano, aliyemlea toka akiwa mchanga, alikuwa wa kwanza nyuma yake. "Wewe Tindo, si mimi niliyekufuta makamasi ukiwa na kaptula moja tu?"

Mnyororo ndio uliomjibu. Paji la uso likapasuka, damu ikamfunga jicho.

"Shikaneni viuno!" Sindano akapiga kelele. "Asitoke mtu! Msimamizi, hesabu!"

Msimamizi wa uchaguzi akahesabu, watu wanapigwa huku wanahesabiwa. Muuza mkaa alitema meno mawili akabaki pale pale. Mwalimu alipiga magoti, wenzake wakamvuta kwa ukosi wa shati mpaka akasimama. Mstari uliyumba, ukapinda, haukukatika.

Tindo akamrudia shangazi, mnyororo juu.

Cheche akachomoka.

"Wewe! Ukivuka huna kazi wala kura!" Mwenyekiti akabweka.

Mnyororo ulishuka akiwa ameshakinga mkono, na mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Akamtandika Tindo kichwa cha pua. Wawili wakamwangusha, wakampiga mateke ya mbavu mpaka akatapika. Chini pale, mdomo umejaa mchanga, alisikia hesabu ikiendelea.

Sindano, mia mbili arobaini na mmoja. Mwenyekiti, mia moja tisini na wanane. Msimamizi alipomfikia Cheche alimruka tu. Hakuwa wa huku wala wa kule.

Zahanati ilifurika. Sindano alimkuta ameegemea ukuta, mkono umefungwa ubao.

"Si umeona nimekuja?" Cheche akajaribu kutabasamu kwa mdomo uliochanika.

"Umekuja baada ya kipenga."

"Nimevunjwa mkono, Sindano!"

"Wenzako wamevunjwa wakiwa mstarini. Wewe umevunjwa njiani."

"Mwache mwenzio," shangazi akasema, kichwa kizima bandeji. "Angechelewa kidogo mngekuwa mnachimba kaburi."

"Wewe umeokolewa, shangazi. Mimi nimekataliwa mbele ya mtaa mzima."



Askari akaingia na daftari. "Nani anawatambua waliopiga?"

Watu waliostahimili minyororo wote wakatazama sakafu. Uwanjani walikuwa mia mbili na ushee, hapa linaandikwa jina lako peke yako, na mlangoni amesimama Mwenyekiti, Tindo pembeni yake na pamba puani.

"Wahuni wa kupita hao, afande," Mwenyekiti akasema. "Hakuna aliyeona sura. Au yupo?"

"Yupo," Cheche akasema, akajiinua kwa shida. "Aliyempiga shangazi ni huyo Tindo. Aliyewatuma ni huyo aliyesimama naye. Na ile mipira ilikatwa gereji kwake, jana mchana."

"Umejuaje?" askari akauliza.

"Niliikata mimi. Niliambiwa ni ya kuoshea magari."

Zahanati nzima ikamgeukia. Sindano akaziba mdomo.

"Unajifunga mwenyewe, mwanangu," Mwenyekiti akasema taratibu.

"Andika hivyo hivyo, afande. Na mimi si mwanao."

Askari akaandika, akakuna kichwa. "Shahidi mmoja watamtafuna mzima mzima. Wa pili yuko wapi?"

Cheche hakuthubutu kuinua uso. Akasikia kandambili zinaburuzwa, kisha kalamu ikachukuliwa.

"Mimi," Sindano akasema.

"Una uhusiano gani na huyu?"

Alimtazama Cheche: mdomo uliochanika, ubao wa mkono, mchanga kwenye nywele.

"Mchumba wake. Harusi Jumamosi." Akatia saini, akamgeukia askari. "Sasa afande, hao wawili mlangoni unawafunga pingu, au unasubiri niwape kadi ya mwaliko?"