Kasuku Anyamaza

Jumamosi jioni mama alirudi kutoka kazini hoi bin taabani. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Alivua viatu mlangoni, akaegemea ukuta. Binti yake wa darasa la sita, ambaye nyumba nzima ilimwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo, alimletea maji. Leo aliyaleta kimya.

Kila Jumamosi mjomba, fundi wa nguzo za umeme, aliwapigia simu ya video. Kesho alikuwa anakwenda kambi ya porini isiyo na mtandao, na miezi ingepita kabla bibi hajamsikia tena mwanawe. Spika za kompyuta zilikuwa na sauti ya mbu, lakini bibi hakulalamika kamwe. Mjomba akiuliza lolote, yeye alijibu, “Nakusikia, baba.” Hata hivyo, mama alinunua waya wa kuiunganisha kompyuta na redio kubwa ya sebuleni.

Waya uliingia vizuri nyuma ya redio. Kwenye kompyuta ulikwama. Mama alisukuma, akageuza, akapiga magoti nyuma ya kabati. Redio kimya. Kompyuta nayo, kimya kabisa.

“Waya mbovu huu. Ngoja niurudishe dukani.”

Akavaa tena viatu, ingawa miguu ilikuwa imevimba. Kasuku alitaka kusema, akaogopa. Jana alitazama filamu kitandani, jambo alilokatazwa, akaulalia waya wa vipokea sauti vya masikioni. Ncha ya pini ilikatikia ndani ya tundu la kompyuta.

Mama alirudi na waya mwingine. Huu nao ukaishia palepale, mama akadhani ndio mwisho wa tundu; redio bado kimya. Alikaa sakafuni akafumba macho.

“Basi ni redio. Nitaibeba hivyohivyo mpaka kwa fundi.”

Alipoinama kuinyanyua, aliguna kwa maumivu ya mgongo. Kasuku hakuvumilia tena.

“Iache, mama! Redio ni nzima. Ni mimi.” Akaeleza yote huku analia.

Mama hata nguvu za kugomba hakuwa nazo. “Ungesema kabla sijavaa viatu, mwanangu,” alisema. “Lete kalamu iliyokwisha wino.”

Alichomoa mrija wa kalamu, akaupaka gundi kidogo mdomoni, akauingiza polepole kwenye tundu na kusubiri ikauke. Alipouvuta, ncha ilitoka nao. Waya ukaingia wote, na punde simu ikaita.

“Mama, hujambo?” Sauti ya mjomba ilijaa sebule.

Bibi aliruka kitini. “Lo! Kumbe sauti yako imekuwa nzito hivi, kama ya marehemu baba yako!”

Mjomba akacheka. “Si unaisikia kila Jumamosi?”

Bibi alikunja kanga yake vidoleni. “Nilikuwa sisikii kitu. Niliona haya kusema, nikawa naitikia tu.” Akamgeukia Kasuku, akamvuta karibu. “Mimi niliona haya, wewe uliogopa. Wote wawili tulinyamaza: mimi nikapoteza Jumamosi zote, na mama yako akateseka. Jambo likiharibika, mjukuu wangu, liseme mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wake.”

Kasuku aliitikia, kisha akaenda kumtengea mama beseni la maji ya moto ya miguu.

“Haya, baba,” bibi aliiambia redio. “Nieleze yale ya Jumamosi zote. Anza mwanzo.”